Pakiti ya gramu 2.6: je, kahawa ya papo hapo ya wakaangaji wadogo wa Nairobi inastahili bei yake?

Ukichana mojawapo ya pakiti hizi, kitu cha kwanza kinachokushangaza ni wepesi. Ndani mna vipande vidogo vya rangi ya udongo mkavu, vinavyovunjika vidoleni kama ganda la njugu zilizokaangwa. Vimimine kwenye kijiko cha chai: kijiko kinajaa kabla mizani haijafika gramu 1. Kijiko hicho hicho ukikijaza kahawa ya unga ya mkebe, kinabeba karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana wengi wanaolalamika kwamba kahawa hii ni "maji tu" ni watu waliopima kwa kijiko. Pakiti ya gramu 2.6 ni ya kikombe kimoja cha mililita 200, na inaingia yote.

Tunaizungumzia kahawa ya papo hapo inayotengenezwa kwa mafungu madogo na wakaangaji: buni ya Nyeri, Kirinyaga au Kiambu inayochujwa kama ya mkahawani, kisha ikagandishwa na kukaushwa. Hatutaji lebo moja moja, kwa sababu fungu la mwezi huu na la mwezi ujao, hata likitoka kwa mtengenezaji yule yule, mara nyingi si kitu kimoja. Sababu zake tutazifikia. Swali letu ni kama aina hii ya kahawa inastahili pesa inayoulizwa, ikiwekwa kando ya mikebe ya supamaketi.

Jibu fupi: ukiinywa bila maziwa, ndiyo. Ukiichemsha kwenye sufuria pamoja na maziwa na sukari, umetupa pesa. Jibu refu linaanzia kiwandani.

Kwenye rafu, kahawa ya papo hapo huwa na sura tatu. Kuna unga laini. Kuna chembe zenye vinyweleo, ambazo ni unga ule ule uliolowanishwa kidogo kwa mvuke ukashikana, kisha ukakaushwa tena. Na kuna vipande vyenye kona kali kama changarawe iliyopondwa, kwa kawaida ndani ya chupa ya kioo na kwa bei ya juu. Sura mbili za kwanza zimekaushwa kwa kunyunyiza: kahawa nzito inarushwa kama manyunyu ndani ya mnara wa hewa yenye joto linalopita nyuzi 200, na tone linakuwa unga kabla ya kugusa chini. Sura ya tatu imegandishwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, ikavunjwavunjwa, ikatiwa kwenye chemba iliyonyonywa hewa yote, na barafu yake ikageuka mvuke bila kupitia hali ya maji.

Basi watu wakisikia hivyo husema vipande ndivyo bora, na pakiti za wakaangaji wadogo ni bora kwa kuwa nazo zimekaushwa kwa kugandishwa. Hapo ndipo tunapoachana na matangazo. Kukausha hakuongezi ladha hata kidogo. Kunapunguza tu, na njia moja inapunguza kuliko nyingine. Kinachoamua ni kile kilichoingia kwenye mashine.

Buni iliyokaangwa na kusagwa, ukiipitishia maji ya moto nyumbani, inakuachia asilimia 18 hadi 22 ya uzito wake. Hapo ndipo penye utamu, uchachu na harufu. Ukizidi kuikamua unapata ukakasi unaokausha ulimi. Kiwanda kikubwa hakiishii hapo, kwa sababu hesabu zake hazikiruhusu. Kinatumia mitungi mirefu iliyounganishwa, na maji yaliyobanwa kwa shinikizo hadi yanafika nyuzi 150, hata 180, bila kuchemka. Kwa joto hilo hata makapi yenyewe, ambayo kwa kawaida ungeyamwaga kwenye mchicha, yanavunjika na kuyeyuka. Asilimia 20 inakuwa 45 au 50. Ladha ile ya ubao uliolowa, au gunia lililokaa stoo, unayoipata kwenye kahawa ya bei ya chini, haikuletwa na mnara wa kukaushia. Ililetwa na maji yale. Ndiyo maana unaweza kununua chupa ya kioo yenye vipande vizuri vilivyogandishwa na bado ukaonja gunia.

Shirika la Kimataifa la Kahawa hutumia kipimo cha 2.6 kugeuza kahawa ya papo hapo kuwa buni mbichi: kilo 1 ya iliyo kwenye mkebe huhesabiwa kuwa kilo 2.6 za buni. Ishike namba hiyo.

Sasa njoo kwa mkaangaji mdogo. Ana kilo 1 ya kahawa iliyokaangwa. Anaipitishia lita 5.5 za maji ya moto kidogo kidogo. Makapi yanafyonza na kubaki na lita 2 hivi, kwa kuwa kila gramu ya kahawa inashika karibu gramu 2 za maji, na chini zinatoka lita 3.5. Refraktomita, kifaa cha kupimia nguvu ya kahawa, ikisoma asilimia 5.2, humo mna gramu 182 za kahawa halisi. Toa vumbi linalobaki kwenye trei, toa ya kuonja, toa pakiti zilizofungwa vibaya, unabaki na gramu 170. Hizo ni pakiti 65 za gramu 2.6. Ukirudi nyuma hadi kwenye buni mbichi, ambayo hupungua uzito ikikaangwa, kilo 1 ya kahawa ya namna hii imekula karibu kilo 7. Kwa mkebe wa kawaida ni kilo 2.6. Hiyo ndiyo tofauti unayoinunua, na ndiyo unayoionja.

Tuiweke kwa shilingi. Tuseme kahawa iliyokaangwa imegharimu 1,800 kwa kilo: ukigawa kwa 65 ni shilingi 28 kwa pakiti. Tuseme mashine ya kukaushia inakula kilowati 1 kwa wastani na inazunguka saa 30: hizo ni yuniti 30, na kwa shilingi 25 kwa yuniti unapata 750, yaani shilingi 11 na senti kwa pakiti. Foili iliyochapishwa, tuseme 8. Umefika shilingi 47, na bado hujamlipa kijana anayepima na kufunga, hujalipa kodi ya chumba, hujanunua oili ya pampu, wala duka halijachukua chake. Weka bei zako mwenyewe mahali pa hizi, umbo la hesabu halibadiliki. Kwa hiyo pakiti inayouzwa shilingi 80 au 100 si wizi. Inayopaswa kukutia wasiwasi ni "kahawa maalumu" ya shilingi 40. Ama mtu anauza kwa hasara ya kutafuta jina, ama kilichomo ni kahawa ya kiwanda iliyonunuliwa kwa jumla ikavishwa foili nzuri.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wenyewe hawalisemi vya kutosha. Kilo ile ile ya kahawa, ukiichuja nyumbani kwa gramu 15 kwa kikombe, inatoa vikombe 66. Pakiti ni 65. Buni inayotumika ni ile ile. Unacholipia juu yake ni stima na foili, shilingi ishirini hivi, ili usibebe kinu, karatasi wala birika. Mtu wa hema Mlima Kenya ataona ni rahisi mno. Mtu mwenye jiko lake mtaani Umoja na dakika 5 za asubuhi ana haki ya kuuliza kwa nini alipe.

Kwenye ulimi

Tuanze na kinachosalia. Asidi za kahawa, kama ya limau, ya tofaa na ya fosfati, hazipeperuki ndani ya chemba. Zinabaki kwenye trei. Kwa kuwa kahawa ya Kenya iliyooshwa vizuri inajulikana kwa uchachu wake kuliko kitu kingine chochote, inavumilia kazi hii kuliko kahawa nyingi. SL28 na SL34, aina za mibuni za Nyeri na Kirinyaga, zikichujwa kwa uangalifu, zinarudi kikombeni na ladha ile inayokumbusha Ribena, na utamu wa sukari guru nyuma yake. Hiyo ni kahawa ya papo hapo ambayo unaweza kuiweka mbele ya mgeni bila kuomba radhi.

Kinachopotea ni harufu nyepesi: maua, ganda la chungwa, vitu vya puani. Pampu inavinyonya pamoja na mvuke. Basi lebo inayokuahidi maua ya asumini ndani ya pakiti ya papo hapo inakusimulia habari za kahawa ilivyokuwa kabla ya kukaushwa. Ukiweka kikombe cha pakiti kando ya kikombe cha kahawa ile ile iliyochujwa sasa hivi, uchachu ni ndugu, utamu umepungua kidogo, harufu imebaki kama nusu, na ladha inakatika mapema baada ya kumeza. Uzito mdomoni ni mwepesi kwa sababu mafuta yamebaki kwenye karatasi ya kuchujia. Anayetaka kahawa nzito ya kushika koo ataona ni chai.

Usishawishiwe na herufi AA kwenye pakiti ya namna hii. AA ni ukubwa wa buni, na buni ikishasagwa na kuyeyushwa ukubwa wake umekwisha kazi. AB, daraja la buni ndogo kidogo, kutoka kiwanda hicho hicho cha wakulima, au hata PB, ile ya punje moja ya mviringo, inatoa kikombe kile kile kwa bei ya chini, na mtengenezaji anayejua hesabu zake atanunua hiyo. Mbuni, yaani ile iliyokaukia ndani ya ganda lake, ni habari nyingine: ukali wake unakolea ukikaushwa, na haifai hapa.

Mikebe mikubwa nayo ina ujanja wake upande wa harufu. Viwanda hunasa mvuke wenye manukato mapema na kuurudisha mwishoni pamoja na mafuta kidogo ya kahawa, ndiyo maana ukitoboa ile karatasi ya juu pua inapigwa na harufu tamu kweli. Siku chache baadaye imekwisha. Haikuwa ndani ya unga, ilikuwa juu yake. Pakiti za wakaangaji wadogo hazina mchezo huo: zinanukia kidogo zikiwa kavu, na zaidi zikiguswa na maji.

Zinavyotengenezwa, na pale zinapoharibikia

Hapa ndipo fungu moja linapotofautiana na jingine, na mnunuzi akijua dalili hatauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kahawa inakaangwa kiasi cha wastani na kuachwa siku 5 hadi 7. Kuiacha si mapambo: kahawa iliyotoka kikaangoni sasa hivi imejaa gesi, na gesi hiyo ikiingia kwenye chemba isiyo na hewa inafura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, inamwagika nje ya trei na kugandamana kwenye kuta. Inasagwa kwa chenga za ukubwa wa sukari ya kawaida. Inapitishiwa maji. Kuloweka tu kwenye ndoo ni rahisi zaidi, lakini ukiloweka kilo 1 kwenye lita 6, makapi yanabaki na lita 2 zenye nguvu sawa na ile uliyoichota, na theluthi ya kahawa yako inaenda jalalani. Maji yakipita juu hadi chini, yanayobaki ndani ya makapi ni yale ya mwisho, mepesi. Kisha inachujwa tena kwa karatasi, kwa sababu vumbi laini litatua chini ya kikombe cha mteja, na mafuta yataoza kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Maji ya kuchujia yana umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Maji yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, ukiyatoa klorini yanafaa. Ya kisima, ambayo mitaa mingi ya pembeni ya jiji inategemea, yana chumvichumvi. Lita 3.5 za maji yenye miligramu 400 za madini kwa lita zinaacha gramu 1.4 za madini ndani ya kahawa iliyokauka. Halafu mteja anakoroga kwa maji yake mwenyewe, pengine ya kisima pia. Uchachu mzuri unazimwa na kikombe kinakuwa bapa, kama soda iliyoachwa wazi. Kikombe kikiwa bapa nyumbani kwako, kabla ya kumlaumu mkaangaji jaribu pakiti ya pili kwa maji ya chupa.

Kahawa inamiminwa kwenye trei kwa kina kisichozidi milimita 12. Ikizidi, juu panakauka na kuwa ganda, chini mvuke unakosa njia. Inagandishwa hadi iwe ngumu kabisa, karibu nyuzi 35 hadi 40 chini ya sifuri, friza ya nyama ya nyumbani haitoshi peke yake. Ndipo pampu inawashwa. Saa 24 hadi 36. Joto la trei linapandishwa taratibu na mwishoni halipiti nyuzi 40. Mwenye haraka akilipandisha mapema, barafu inayeyuka badala ya kuruka, na kahawa inaporomoka kuwa kitu cheusi kinachong'aa na kunata, mfano wa lami ya barabarani saa saba mchana. Ikikaushwa hivyo hivyo inakuwa vipande vya kioo cheusi. Hii ndiyo dalili ya kwanza ya kutazama: vipande vikiwa vyeusi, vinang'aa na vimeshikana, fungu liliporomoka, na mtengenezaji aliona huruma kulimwaga. Vizuri huwa vimepauka na havina mng'aro.

Stima ndiyo adui mkubwa wa biashara hii hapa mjini. Ikipotea saa ya kumi ya kazi, barafu iliyobaki katikati inaanza kulainika, na mwenye mashine asiye na jenereta au betri za kutosha ana dakika chache tu za kuamua. Kuna kosa jingine linalogharimu zaidi: kuagiza mashine ya Marekani ya volti 110 kwa kuwa ni bei nafuu, kisha kununua transfoma. Transfoma inashusha volti, haibadilishi mizunguko. Stima yetu ni ya herzi 50, ile mota ilijengewa 60, kwa hiyo pampu inazunguka pungufu kwa moja ya sita, inapata moto, na utupu haufiki panapotakiwa. Agiza ya volti 230 hadi 240 na herzi 50 tangu mwanzo.

Kujua kama imekauka, trei inapimwa, inarudishwa saa 2, inapimwa tena. Uzito usipobadilika, tayari. Anayekisia kwa macho anaacha moyo wa barafu katikati ya vipande vinene, na unyevu huo unasambaa ndani ya pakiti hadi vyote vinashikana. Kisha inafungwa mara moja, trei zikiwa bado na uvuguvugu. Trei baridi ikitolewa kwenye chumba cha Nairobi mwezi wa Aprili, unyevu wa hewa unaikimbilia kama inzi kwenye embe. Na muhuri wa foili: punje moja ya kahawa ikikaa kwenye mstari wa kufungia, hewa inapita. Jaribio ni la senti tano. Zamisha pakiti kwenye bakuli la maji, ibonyeze, tazama viputo.

Wale wanaofikiria kuifanya biashara, pigeni hesabu ya mwendo kabla ya hesabu ya faida. Kilo 1 inatoa lita 3.5, na lita 3.5 hadi 4 ndizo mashine nyingi ndogo zinazobeba kwa mzunguko mmoja. Pakiti 65 kwa siku moja na nusu. Kwa mwezi, bila ajali, ni mizunguko 20, pakiti 1,300. Unaweza kuongeza nguvu ya kahawa hadi asilimia 8 au 9 kwa kuchukua mchujo wa mwanzo tu, ukakausha maji kidogo zaidi, lakini unaacha kahawa nyingi kwenye makapi na bei ya buni kwa pakiti inapanda. Marekani kuna kampuni kama Swift Cup ya Lancaster, Pennsylvania, inayowakaushia wakaangaji wengine kahawa zao, ili kila mmoja asinunue mashine yake. Wakaangaji watatu wa hapa wakichanga mashine moja kubwa wangepata nafuu kuliko watatu wenye ndogo. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inahitajika kwa vyovyote kabla supamaketi haijakufungulia mlango.

Kuikoroga

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka yakiwa nyuzi 94 hivi. Ushauri wa kwenye pakiti wa kusubiri maji yapoe "kidogo" uliandikwa kwa watu wa Mombasa. Hapa mimina mara tu birika linapozima. Ya unga laini ndiyo inayohitaji hila: weka kijiko cha maji baridi kwanza, koroga iwe uji, ndipo umimine ya moto, la sivyo nje ya donge panalowa na kuwa kama gundi huku ndani pamebaki pakavu. Vipande vilivyogandishwa vina matundu, vinayeyuka hata kwenye maji baridi kwa kukoroga chini ya dakika moja, na kahawa baridi yenye vipande vya barafu ndiyo matumizi ambayo pakiti hizi zinang'ara zaidi.

Maziwa ni mjadala. Kahawa hii ni chachu, na maziwa yaliyochotwa kwenye mashine ya mtaani asubuhi yakafika jioni bila friji yameshaanza kuelekea mtindi, ingawa ulimi haujajua. Vikikutana vikiwa moto, maziwa yanakatika vipande vipande. Watu hulaumu kahawa. Ukilazimika, tumia maziwa ya siku hiyo, yachemshe peke yake, koroga kahawa kwa maji kidogo kando, kisha mimina maziwa juu yake moto ukiwa umezimwa. Lakini kwa kahawa ya maziwa ya kweli kweli, ile ya asubuhi na mandazi, mkebe wenye robusta unashinda, tena kwa mbali. Uchungu wa robusta unapenya maziwa na sukari. Africafé ya Bukoba imejijengea jina Afrika Mashariki kwa kazi hiyo hiyo, na hatuoni sababu ya mtu kuiacha. Anayeuza kahawa kwa chupa ya lita 3 pale steji anahitaji gramu 22 hivi kwa vikombe 15. Kwa pakiti hizi angehitaji 15, na abiria wake angemuuliza ameweka nini.

Zile za tatu kwa moja tuzipite haraka. Soma orodha ya viungo, inayotangulia ndiyo nyingi kwa uzito. Ukikuta sukari, kisha krima, kisha kahawa, unajua unanunua nini. Neno chikori nalo, yaani mzizi uliokaangwa unaochanganywa na kahawa, litafute humo humo.

Kwa hiyo: mpanda mlima, mgeni wa hotelini, mtu wa ofisi ambako kahawa pekee ni mkebe ulio wazi kando ya birika linalofuka mvuke, na yeyote anayekunywa bila maziwa, tungewapa pakiti hizi bila kusita. Nyumba ya watu sita, hapana. Kibanda, hapana kabisa.

Na kwa mwenye bedsita, kinu kidogo na friza ya juu ya friji, kuna njia ya tatu isiyo na foili wala pampu. Chuja gramu 100 za kahawa kwa mililita 600 za maji, upate 400 zenye nguvu. Mimina kwenye trei ya barafu, vipande vya mililita 30. Vipande 2 na mililita 140 za maji ni kikombe kimoja, na harufu iliyobaki humo inazidi ya pakiti kwa kuwa hakuna kilichonyonywa. Kosa ni moja, na karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza: kutumbukiza vipande vikiwa barafu kwenye maji ya moto. Barafu inakula joto lote na unabaki na kikombe cha nyuzi 40, vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto. Vihamishe jioni kwenye glasi, viyeyukie usiku ndani ya friji, asubuhi viache mezani hadi vipoteze ubaridi huku ukioga, ndipo umimine maji. Kikombe kitatoka na nyuzi 70 hivi.